Nani Atajibu kwa Neno Lililopigwa Chapa?

Wasomaji wetu, hapa Soitsambu, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, habari ni kitu cha heshima. Watu wawili wakikutana njiani hawapitani kwa salamu tupu. Husimama, na mmoja hutoa habari zake zote, za ng'ombe, za mvua, za wagonjwa, na za njia aliyopita, na mwenzake humwitikia mpaka amalize. Kisha naye hutoa zake. Habari hizo kwa Kimasai huitwa ilomon. Tena mwenye kutoa habari husimama mbele ya macho ya mwenye kuzipokea. Akidanganya, anajulikana ni nani, ni mwana wa nani, na boma lake liko wapi. Akisema kwamba mvua imenyesha mahali fulani, na wenye ng'ombe wakahamia huko wakakuta vumbi, watarudi kumwuliza, naye atajibu.

Habari iliyopigwa chapa si hivyo. Huja imekunjwa ndani ya mfuko wa msafiri, haina uso wala boma. Aliyeiandika yuko mbali, aliyeipiga chapa yuko mbali zaidi, na pengine wote wawili hawajapata kukanyaga nchi waliyoitolea habari. Basi swali letu la leo ni hili: mtu wa habari hiyo atajulikanaje, na nani atajibu neno lake likiwa si kweli? Swali hili si geni katika nchi yetu. Limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia, na sheria na kanuni zote za magazeti ambazo tumepata kuziona ni majibu yake, mengine mema na mengine mabaya.

Kabla ya kuingia katika mambo ya kale, na tueleze kwa nini swali hili linatugusa. Miaka kadhaa iliyopita alifika hapa mgeni mwenye kamera, akapokewa kwa maziwa, akapiga picha za wazee wetu chini ya mti. Baadaye jarida moja, ambalo hatutalitaja jina, likaitoa picha ya mzee mmoja, na chini yake likaandika kwamba huyo ni mhamaji aliyevuka mpaka, asiye na kijiji. Mzee huyo amezaliwa hapa, na watoto wake tumewafundisha sisi. Yeye mwenyewe hasomi, kwa hiyo hakujua lolote, mpaka siku moja katika mkutano wa mambo ya ardhi mtu mmoja alipotoa jarida hilo mfukoni akalisoma kwa sauti, kana kwamba ni ushahidi. Mzee akasimama, akauliza, "Ni nani aliyesema hayo? Na aje ayaseme mbele yangu." Hapana aliyeweza kumjibu. Siku ile tulifahamu kwamba maneno ya gazeti yanaweza kumvua mtu kijiji chake, wala yeye asimwone aliyemvua.

Sasa na tuyatazame mambo ya zamani. Magazeti ya kwanza ya Kiswahili yalitoka katika viwanda vya chapa vya misioni. Mwaka wa 1888 gazeti liitwalo Msimulizi lilianza huko Kiungani, Unguja, katika shule ya Misioni ya Universities, na habari zake ziliandikwa kwa sehemu kubwa na walimu na wanafunzi Waafrika. Katika miaka ya 1890 likafuata Habari za Mwezi huko Magila, katika nchi ya Wabondei. Mwaka wa 1910 yakazaliwa mawili, Pwani na Bara la Waprotestanti, na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Wakati huo jibu la swali letu lilikuwa jepesi: misioni ndiyo iliyojibu. Mwalimu wa kituo cha mbali aliandika barua, mkuu wa kiwanda aliisoma, na lisilompendeza halikutoka. Jambo hilo lilikuwa na wema wake, maana mwandishi alijulikana na wasomaji wake, nao waliweza kumsahihisha kwa barua ya mwezi uliofuata. Lakini lilikuwa na upungufu wake pia, maana aliyekosewa na wenye kiwanda hakuwa na mahali pengine pa kusemea.

Upungufu huo ulionekana zaidi katika gazeti la serikali. Wadachi walianzisha gazeti la Kiongozi huko Tanga, katika shule ya serikali, karibu na mwaka wa 1905, nalo lilidumu mpaka vita vikuu vilipofika pwani mwaka wa 1916. Lilisomwa sana na maakida, makarani na walimu, na lilisaidia mno kueneza Kiswahili cha herufi za Kirumi. Lakini tukumbuke kwamba katika miaka ya 1905 hata 1907 vilipiganwa vita vya Maji Maji, na mwenye gazeti hilo ndiye aliyekuwa upande mmoja wa vita. Mtu wa upande wa pili angepeleka wapi neno lake? Hapa tunajifunza kanuni ya kwanza, ambayo sheria haikuiandika siku zile: mwenye shauri asiwe yeye peke yake mwenye kulitangaza.

Walipokuja Waingereza, idara ya elimu ilianzisha Mambo Leo mwaka wa 1923, gazeti la kila mwezi lililopendwa katika nchi nzima. Kisha mwaka wa 1928 ikatungwa sheria ya magazeti ya Tanganyika, iliyomtaka mwenye gazeti aliandikishe kwa serikali. Ni vema tuifahamu maana yake. Huko Uingereza kwenyewe sheria ya kupewa ruhusa kabla ya kupiga chapa ilikwisha kufa tangu mwaka wa 1695. Kutoka hapo mtu aliweza kuchapa apendavyo, na akikosa alipelekwa mbele ya hakimu baada ya kukosa. Lakini katika makoloni serikali ilitaka kumjua mwenye gazeti tangu mwanzo, maana iliogopa maneno ya watawaliwa.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba kutaka jina ni kosa. Jina la mchapishaji na la mpiga chapa likiwekwa katika gazeti, ndilo boma la habari ile. Mzee wetu angelijua mlango wa kubisha. Ubaya ulikuwa katika nia: jina lilitakiwa ili serikali imfikie mwandishi, si ili raia amfikie. Sheria ilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifunguka upande wa Bwana Shauri.

Watu wetu hawakunyamaza kwa sababu hiyo. Mwaka wa 1937 Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti lake mwenyewe, akaliita Kwetu. Jina hilo ni hoja tosha: si la misioni, si la serikali, ni kwetu. Nalo lilithubutu kuandika malalamiko ya Waafrika juu ya mishahara, biashara na heshima.

Baada ya miaka ishirini na moja jambo kubwa likatokea. Mwaka wa 1958 chama cha TANU kilikuwa na karatasi yake iitwayo Sauti ya TANU, na katika toleo moja Mwalimu Julius Nyerere aliandika maneno makali juu ya mabwana shauri wawili, namna walivyowatendea watu. Serikali ikamshitaki kwa kosa la kashfa. Hakimu wa Dar es Salaam akamwona ana hatia, akamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Katika habari hii tunaona jambo la kujifunza. Nyerere hakujificha, wala hakumtupia karani lawama. Aliandika, akasimama kizimbani, akajibu. Twaweza kubishana juu ya sheria iliyomhukumu, lakini juu ya adabu ya mwandishi hatuna la kubishana: aliyeandika ndiye aliyejibu.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961, wengi walidhani kwamba sheria ya 1928 itakwenda pamoja na bendera ya Waingereza. Haikwenda. Mwaka wa 1968 Bunge liliiongezea nguvu, Rais akapewa uwezo wa kulifungia gazeti. Mwaka wa 1976 ikatungwa Sheria ya Magazeti mpya, nayo ikashika mahali pa ile ya zamani, lakini moyo wake ulikuwa ule ule: gazeti liandikishwe, maneno ya uchochezi yaadhibiwe, na mwenye mamlaka aweze kulifunga. Katiba yetu, katika ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na sura ya haki hizo iliingizwa mwaka wa 1984. Basi tukawa na maandiko mawili katika nyumba moja, moja likifungua mlango na jingine likishika komeo.

Sasa tumefika karibu na kwetu. Katika mwaka wa 1992 na wa 1993 haki ya kuwinda wanyama katika nchi ya Loliondo ilitolewa kwa afisa mmoja wa jeshi kutoka Falme za Kiarabu. Sisi wenyeji tulijua kwamba kuna jambo, maana tuliona magari, lakini hatukujua lilitokaje wala kwa mapatano gani. Aliyelifunua mbele ya taifa ni mwandishi wa gazeti la Mfanyakazi, Stan Katabalo. Kwa habari alizozitoa mwaka wa 1993 nchi nzima ikalijua jina la Loliondo, na jambo lile likazungumzwa katika Bunge. Katabalo alifariki mwaka ule ule, lakini waandishi wenzake wameendelea kulikumbuka jina lake. Twataka wasomaji wapime jambo hili. Gazeti lililokuwa mbali nasi lilitusemea neno ambalo sisi wenyewe hatukuwa na njia ya kulisema. Kwa hiyo hatuwezi kuyachukia magazeti kwa sababu ya jarida moja lililomdhulumu mzee wetu. Chombo kimoja hicho hicho huweza kumvua mtu kijiji, na huweza kukilinda kijiji. Tofauti iko katika adabu ya mwenye kukishika.

Katika mwaka huo wa 1993 serikali ilileta mswada wa kuisimamia kazi ya uandishi. Waandishi wakaukataa, wakasema kwamba kazi yao wataisimamia wenyewe, na mswada ukarudishwa. Lakini mtu akisema "nitajitawala", ni lazima aonyeshe atakavyojitawala. Kwa hiyo mwaka wa 1995 walikutana wakaunda Baraza la Habari Tanzania, likaanza kazi yake mwaka wa 1997. Baraza hili halina askari wala gereza. Lina kanuni za maadili, na lina kamati ya kusikiliza malalamiko. Mtu aliyekosewa na gazeti hupeleka lalamiko lake, pande mbili huitwa, hupatanishwa, na wasipopatana kamati huamua. Adhabu yake kubwa ni kwamba gazeti litangaze kosa lake na kuomba radhi.

Wako wanaocheka wakisema kwamba huo si ukali. Sisi wa huku hatucheki, maana tunaufahamu utaratibu huo. Ndivyo mikutano ya wazee wetu ilivyo: mmoja husimama na fimbo yake akasema mpaka mwisho, wala hakatizwi, kisha wa pili husimama, na mwisho wa shauri ni kupatanisha. Lililo jipya kwa Baraza ni kwamba mlango umefunguliwa upande wa raia. Sasa mzee asiyejua kusoma, akisaidiwa na mwalimu, anaweza kumwita mhariri wa mjini aje asimame mbele yake.

Na kanuni za kazi hii ni zipi? Si nyingi, wala si ngumu kufahamika. Mwandishi ahakikishe ukweli kabla ya kuandika. Amwulize yule anayeandikwa, ampe nafasi ya kujibu. Asipokee fedha wala zawadi ili aandike au asiandike. Asiiibe kazi ya mwenzake. Asimtaje mtoto wala mwanamke aliyetendewa jeuri. Asimtoe yule aliyempa habari kwa siri. Na akikosa, asahihishe upesi, mahali panapoonekana. Juu ya kazi ya mwenzake, sheria nayo imesema, maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 1999 inamlinda mwandishi na mpiga picha. Lakini tuangalie: inamlinda mpiga picha, haimlindi aliyepigwa picha. Uso wa mzee wetu, kwa sheria hiyo, ni mali ya mwenye kamera. Pengo hilo lilijazwa na adabu tu, yaani kuomba ruhusa na kuandika jina kwa haki, mpaka ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022, nayo ingali changa.

Kwamba kanuni hizi si mapambo tulionyeshwa mwaka wa 2011, katika tarafa jirani ya Sale. Katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile, alianza kuwanywesha wagonjwa dawa ya mti, kikombe kwa shilingi 500, na habari ikaenea kwamba kikombe kimoja huponya maradhi sugu. Magazeti yakaiandika siku kwa siku. Magari yakapanga mstari wa kilomita nyingi katika barabara isiyo na maji wala kivuli, na wagonjwa wakafa njiani kabla ya kufika. Hatumhukumu mzee yule, ambaye alifariki mwaka wa 2021. Twauliza juu ya kazi ya magazeti. Aliyeandika "fulani amepona", je, alirudi baada ya mwezi kumtazama? Alimwuliza tabibu aliyempima? Utafiti wa matabibu uliotolewa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba wako watu wenye virusi vya UKIMWI ambao, baada ya kunywa kikombe, walilegea katika kunywa dawa zao za hospitali. Hapo kanuni ya kuhakikisha si jambo la darasani tena. Ni jambo la uhai wa mtu. Na hakuna sheria ya uchochezi iliyoweza kuzuia madhara yale, maana hakuna aliyeichochea serikali. Aliyedhurika ni mgonjwa.

Mwaka wa 2016 ile sheria ya 1976 iliondolewa, ikawekwa Sheria ya Huduma za Habari. Sheria hii ilileta leseni kwa magazeti, na bodi ya kuwapa waandishi kibali cha kazi. Katika miaka hiyo magazeti kadhaa yakafungiwa. Mseto lilifungiwa mwaka wa 2016 kwa miaka mitatu. Mawio na MwanaHalisi yakafungiwa mwaka wa 2017 kwa miaka miwili kila moja. Wenye Mseto wakaenda mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo hukaa Arusha, mji mkuu wa mkoa wetu, na mwaka wa 2018 mahakama ikasema kwamba kufungiwa kule hakukuwa halali. Mwaka wa 2019 mahakama hiyo hiyo, kwa shauri lililopelekwa na Baraza la Habari na wenzake, ikaona kwamba vifungu vingi vya sheria ya 2016 vinakwenda kinyume cha mkataba wa Jumuiya. Mwezi wa Februari 2022 serikali ikayafungulia magazeti manne, na mwaka wa 2023 Bunge likailegeza sheria yenyewe katika baadhi ya vifungu.

Tukiyakusanya mambo haya pamoja, twaona njia mbili za kumfanya mwandishi ajibu. Njia ya kwanza ni ya kufuli: gazeti likikosa, au likidhaniwa limekosa, hufungwa. Njia hii humridhisha aliye na ufunguo, lakini haimrudishii kitu aliyekosewa. Kama jarida lile lililomwita mzee wetu mhamaji lingalifungwa, uongo wake ungalibaki vile vile katika mikono ya watu, wala pasingekuwa na ukurasa wa kuusahihisha. Tena Katabalo naye angaliweza kufungwa kwa ufunguo huo huo. Njia ya pili ni ya kuitwa: mwandishi aitwe kwa jina lake, aulizwe, ajibu, na akionekana amekosa asahihishe mbele ya wasomaji wale wale aliowapotosha. Njia hii ni ya polepole, yahitaji uvumilivu wa pande zote mbili, lakini ndiyo peke yake inayomrudishia mtu jina lake.

Mwajua tulivyofanya sisi? Tuliandika barua kwa mhariri wa jarida lile. Tukaandika jina la mzee, kwa ruhusa yake, mahali alipozaliwa, na majina yetu sisi walimu tunaomfahamu. Miezi mitatu ikapita bila jibu. Tukaandika ya pili, tukasema kwamba tutalipeleka lalamiko letu mbele ya Baraza. Katika toleo lililofuata yakatoka masahihisho, mistari minne, katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Maji yakimwagika hayazoleki, nasi hatujui ni wangapi walioisoma picha na hawakuisoma mistari ile. Lakini tulimsomea mzee, neno kwa neno, kwa Kimasai. Akasikiliza, akaitikia kama mtu anayepokea ilomon. Kisha akatuuliza kama tunaweza kuikata karatasi ile na kumpa. Tulimpa, naye huichukua kila aendapo mkutanoni.

Basi ninyi wenzetu walimu, mwafundisha watoto kusoma, na jambo hilo ni jema. Wafundisheni pia kumtafuta mwenye neno. Mtoto akishika gazeti, kwanza atazame jina la aliyeandika na la aliyechapa. Kisha aulize kama yule anayesemwa amepewa nafasi ya kusema. Naye akiona uongo juu ya mtu wake, asichane gazeti wala asitukane, bali akae kitako aandike barua, aweke jina lake mwenyewe chini. Maana sisi nasi tunaoandika katika kurasa hizi hatuna ruhusa ya kudai kwa wengine lile tusilolitenda. Kama tumekosa katika lolote hapa juu, tuandikieni; tutajibu.